Kuuliza Kama Ng'ombe Wamelala

Elimu yangu ni darasa la saba, na hata hilo nililimaliza kwa kusukumwasukumwa, kwa hiyo sijui kama haya nayaandika inavyotakiwa. Nitayaandika kama nilivyoyaona, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina.

Ujana wangu nilibeba pamba. Chama cha msingi kilikuwa na ghala hapo Ngulyati, na msimu ukifika mimi na wenzangu tulipanga magunia mpaka karibu na bati. Hakuna aliyeita kazi ile mazoezi. Tulichoka, tukala ugali na maziwa ya mgando, tukalala. Halafu biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na ghala likabaki na popo. Watu wengi hulaumu. Mimi naona si haki kulaumu upande mmoja, maana chama nacho kilitucheleweshea sana malipo, na hao wapya walilipa papo hapo, ingawa mizani ya baadhi yao tuliitilia shaka. Mmoja wao alinichukua niwe karani wa mizani. Nikapewa kiti. Nikawa napanda mbele kwenye lori, nakunywa supu na chapati mjini Bariadi asubuhi, nasoma mizani, wengine wanabeba. Kiti kile nilikipenda mwenyewe. Hakuna aliyenifunga kamba pale.

Kiti kikanipa tumbo, na tumbo likanipa heshima kidogo, maana kwetu mwenye tumbo anaonekana ana chakula. Kisha kikaanza kizunguzungu. Hospitali wakanipima, mganga akasema presha iko juu, nimeze dawa na nifanye mazoezi.

"Mazoezi gani?" nikamuuliza.

"Kimbia asubuhi. Tena kila siku, siyo leo halafu Krismasi."

Nilipomweleza mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Baba yake alipooza upande mmoja, na yeye, akiwa binti bado, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko miaka yote mpaka mzee akafa. Akaweka ungo chini.

"Baba watoto, mimi sitaki kukishika tena kile kijiko."

Hayo tu. Nililala nayo.

Kesho yake, kabla ya jua, nikavaa raba nilizonunua mnadani, nikashika barabara, nikakimbia. Mimi ni mtu wa kwetu, ningepaswa kujua. Miaka hiyo wizi wa ng'ombe ulikuwa haujaisha, na sungusungu, yaani ulinzi wetu wa kijiji, walikuwa macho. Mtu mzima akikimbia alfajiri bila kusalimia mtu, maana yake ni moja tu: anafuata ng'ombe walioibwa. Nilipopita mji wa kwanza (kwetu boma la familia moja tunaliita mji), mzee akatoka na fimbo akanifuata. Sikumsubiri, kwa kuwa nilidhani ukisimama mazoezi yanaharibika. Mji wa pili wakatoka wawili. Nyuma yangu mama mmoja akapiga mwano, lile yowe ambalo ukilisikia huruhusiwi kubaki ndani. Ikalia filimbi. Nikageuka nikaona fimbo, marungu, hadi upinde, wote wananifuata mimi. Kwa woga nikaongeza mwendo, na wao wakaona kumbe mambo ni makubwa.

Pumzi ilipokata nikakaa chini. Kamanda wa sungusungu, mtu mrefu ambaye zamani nilibeba naye pamba, akafika wa kwanza.

"Wamepita wapi?"

"Akina nani?"

"Ng'ombe, bwana. Ng'ombe wa nani wameibwa?"

"Hakuna ng'ombe. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya presha."

Yule mzee wa mji wa kwanza akalitazama tumbo langu kwa muda. "Kwa hiyo umetuamsha tukimbize hilo."

Wengine wakacheka. Kamanda hakucheka, na mimi namwelewa. Mwano wa bure ni jambo baya. Siku nyingine watu watausikia wajifunike blanketi, na ng'ombe wa mtu wataondoka kweli.

Jioni wakakaa kikao. Wapo waliotaka yule mama atoe mbuzi, kwa sababu mwano aliupiga yeye. Nikasimama nikasema hapana, mama alifanya alivyofundishwa, kilichokosea ni miguu yangu. Sijui kama ulikuwa ujasiri au aibu. Nikatoa mbuzi mimi. Halafu kamanda akaongeza lake:

"Miguu yako inatafuta kazi, tutaipa. Alfajiri walinzi wanarudi kulala, na wezi wanaipenda saa hiyo. Utapita kila mji uulize kama ng'ombe wamelala, uniletee habari. Lakini utatembea. Usikimbie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tukwambie."

Mpaka leo hawajaniambia.

Mwanzoni niliona ni adhabu, na ilikuwa adhabu. Kila mji ni kusimama, mwangaluka, mwangaluka, habari za watoto, habari za mvua. Salamu yetu haina haraka, kwa hiyo kati ya mji na mji nilikazana ili nifidie, mpaka jasho linashuka. Msimu wa pamba nilitoka mapema zaidi niwahi mizani. Kuna asubuhi za mvua nilitamani kubaki kitandani, ila nilijua bibi wa mji wa mwisho, ambaye namwita mayo, yaani mama, amekwisha simama langoni mwa zizi, ananingoja. Siku moja nilibaki, nina homa. Jua halijapanda, watu watatu wakawa uani kwangu na fimbo zao.

"Tumekuja kuuliza kama wewe umelala," mmoja akasema.

Mke wangu akawapa uji.

Kizunguzungu kilipungua. Sitasema ni mwendo peke yake, maana dawa nazo nilimeza. Kiti chenyewe kiliondoka baadaye, mnunuzi wangu alipohamia kwingine. Mwendo ulibaki.

Kisha ikawa zamu ya mke wangu. Uvimbe tumboni. Tulikwenda Mwanza, wakatuambia turudi nyumbani. Ikafika mahali hawezi kushika kijiko, nikakishika mimi. Nilimwinua, nilimgeuza, nilimbeba kumpeleka kivulini, na mikono na miguu haikunikatalia. Ningekuwa bado mtu wa kiti ingekuwaje, sijui. Nikamwambia kamanda atafute mwingine wa kuzunguka. Mke wangu akasikia kutoka ndani.

"Nenda. Wanakungoja."

Nikawa nakwenda, narudi mbio kidogo, nakoroga uji. Kila nikiingia anauliza kwanza.

"Wamelala?"

"Wamelala."

Ndipo anafungua kinywa.

Matanga yalipokwisha, asubuhi yake nikachukua fimbo yangu. Sikuwa na nia ya presha wala ya afya. Sikujua tu saa ile mtu mwingine anaifanyia nini. Bibi wa mji wa mwisho alikuwa langoni kama kawaida. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Ng'ombe wamelala," akasema. "Na wewe?"

"Sikulala, mayo."

"Haya. Kesho uje uniambie tena."