Tulivyomnyolea Mfalme

Juzi mjukuu wangu kaja na fulana yenye picha ya mfalme wa sinema, zile za mapanga na mazimwi. Akaniambia, "Bibi, huyu akifa lazima ulie." Mimi wa kwangu nilishamlilia.

Tulikuwa wadogo, mimi na dada yangu, hapa hapa Mtinko. Kibanda cha video kilizibwa kwa magunia, kikinuka jasho na petroli ya jenereta. Mfalme wetu alipigana peke yake na jeshi zima, akafa amesimama. Shule yenyewe niliachia darasa la pili. Ningejuaje kwamba yule mtu alinawa ile damu ya rangi akaenda zake kula? Tulirudi tukilia, tukachukua wembe, tukanyoana vipara, kama wafiwa wanavyonyolewa kwetu.

Baba akarudi na ng'ombe, akatuona. Mama alikuwa amelazwa hospitali mjini. Fimbo ikamdondoka.

"Amefariki saa ngapi?"

"Nani, baba?"

"Mama yenu!"

"Hapana, baba. Ni mfalme, yule wa kwenye video."

Hakutupiga. Alikaa chini, pale pale penye mavi ya ng'ombe. Shangazi ndiye aliyefoka: "Wajinga nyie! Mnanyoa kabla ya msiba? Huo ni uchuro!"

Mama alifariki wiki iliyofuata. Leo najua ni ugonjwa tu uliomuua. Lakini siku ya kunyoa, shangazi alipotufikia na wembe, alitazama vichwa vyetu.

"Nyie mlishanyoa," akasema, akapita.