Diski Imepanda Wapi?

Mwaka ule nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja ya Mokowe, upande wa bara. Diski ikijaa au ikigoma, niliikagua kwa programu ndogo ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote duniani anaweza kuusoma, kuurekebisha, hata kuutafsiri. Siku moja nikaona imeshatafsiriwa kwa lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. Nikajitolea, bila hata kujipima.

Mama mdogo, nyumbani kwake Mkomani, kisiwani kwetu, alikuwa akikuna nazi, nami kando yake namsomea tafsiri zangu.

"Diski imepanda," nikasoma.

Akaacha kukuna. "Imepanda wapi? Mnazini?"

Nikamweleza kwamba ukichomeka diski, kompyuta haioni kilichomo mpaka uiunganishe na folda fulani, na ukimaliza unaitenganisha kwanza, usije ukaharibu mafaili. Kwa Kiingereza kuiunganisha huko huitwa "mount", na kamusi ndiyo iliyonipa "kupanda", kama mtu na punda wake.

"Sasa hiyo si kupachika? Na kuitoa ni kupachua. Yambo la wazi, mwanangu, nawe wahangaika na kamusi!"

Nikaandika mbio. Ujumbe uliofuata: "Faili yatima limepatikana."

"Maskini! Halina jamaa?"

Nikamwambia ni faili lililopoteza folda yake, lakini hakunisikia. Alikuwa akicheka hadi nazi ikamwagika mkekani, na mimi nimeshika mbavu.

"Soma jingine!"

Tukamaliza yote, nikayatuma. Siku tisa nikawa nachungulia simu kila dakika. Jibu likanikuta ndani ya boti, navuka kwenda kazini. Msimamizi wa programu, mtu nisiyewahi kumwona, alishukuru, kisha akauliza: pachika na pachua zinakaribiana mno, je, nimekosea herufi?

Nikamjibu: sikukosea. Sisi husema ziba na zibua, funga na fungua. Kitendo kinajigeuza chenyewe mwishoni.

Hatujafika gatini akajibu: amependezwa sana, tafsiri imepokelewa. Nikasimama na kupiga ukelele.

"Kaa chini, utatuzamisha!" nahodha akafoka.

Nikakaa, ila kicheko hakikukaa.

Alasiri hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo na kompyuta yangu, nikaweka toleo jipya la ile programu, nikachomeka diski. Akavaa miwani, akasoma herufi kwa herufi: "Diski i-me-pa-chi-kwa."

Kisha akanipiga kofi la bega. "Neno langu hilo!"

"Ndilo."

"Haya, ipachue."

Nikaipachua. Akataka ipachikwe tena. Tukapachika na kupachua kama watoto waliopata swichi ya taa, hata akatoa kichwa dirishani, akamwita jirani wa ng'ambo ya kichochoro: "Bi, ndoo hapa uone! Kompyuta yasema, na yasema nilivyoifunda mimi!"

Jirani akaja mbio na ushungi begani, akidhani kuna harusi. Wali aliouacha jikoni ukaungua. Badala yake tukanywa chai na mahamri, sote watatu, tukicheka bila mpango.