Tangazo Langu la Joto

Jumamosi saa tatu asubuhi, kwetu Runazi, nilisoma kwenye simu ya mjomba, mgeni wetu kutoka Dodoma, kwamba joto kali linaanza. Mimi nisiyethubutu kunyoosha mkono darasani, nikamtangazia jirani yetu Mama Koku: "Anika mihogo yote, mvua hakuna."

Akaanika chakula cha familia nzima mwambani, akaenda shambani. Nikajiona mtu wa redio.

Mchana mvua ikamwagika, mihogo ikaelea.

Mjomba akaitazama simu mbele ya watu wote. "Binti, hili ni joto la Dodoma. Sijabadilisha mji kwenye simu tangu nije."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumsaidia Mama Koku kuanika upya.

"Shikamoo, Mama Koku."

"Marahaba, Dodoma. Leo unasemaje?"

Nilianika, turubai likiwa begani.