Mama alivaa viatu kila asubuhi bila kutembea, na mimi nikaficha karatasi yake ya ushuhuda

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Eastlands na wa kwingine kote.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nina jambo langu mwenyewe, na haya nitakayoandika ni kweli kwa kadiri ninavyojua na kuamini.

Hayo maneno ni ya kazini, mtanisamehe. Natype viapo vya watu kwenye ofisi moja ndogo karibu na mahakama ya Makadara. Mtu anakuja, anaeleza, naandika, wakili anagonga muhuri. Nimezoea kuuliza watu swali moja: hilo uliliona mwenyewe ama uliambiwa? Hata nyumbani nauliza.

Sasa turudi kwa mama.

Mama yangu alipata stroke mwaka juzi. Upande wa kushoto ukapooza, mkono na mguu. Ulimi ulirudi baada ya miezi michache, mguu haukurudi. Tunaishi wawili katika zile nyumba za zamani za council, karibu na Jogoo Road. Baba alikuwa wa reli, alishafariki. Mimi sijaoa, na tafadhali msianze na hilo kwenye comments.

Mama ni mtu wa kanisa kabisa. Alikuwa usher kwa miaka mingi, anasimama mlangoni na viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya kamba, anaonyesha watu viti. Kanisa letu ni la mabati, la watu wa kawaida, si lile la screen na taa.

Aliporudi kutoka hospitali alinipa sharti moja. Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nimvishe vile viatu vyeusi.

Nilimuuliza vya nini, na haendi popote.

"Yesu akiniambia inuka," akasema, "nitamwambia angoje kwanza nitafute viatu?"

Nikainama kuvitafuta chini ya kitanda.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Saa kumi na mbili kasoro niko chini sakafuni mbele ya kiti chake. Mguu wa kulia unaingia vizuri. Wa kushoto umevimba kidogo na vidole vinajikunja, kwa hivyo natumia mpini wa kijiko kikubwa cha kupakulia kusukuma kisigino kiingie. Yeye anatoa maagizo huko juu. "Vuta ulimi wa kiatu kwanza. Wafula, ulimi! Unaukunja." Kisha nafunga kamba, nampa chai, naondoka. Mchana kutwa anakaa amevaa viatu, Biblia mapajani, anangoja.

Jirani yetu Mama Nasra ndiye humwangalia mchana. Anauza vitambaa pale mlangoni kwake, Mwislamu, na hajawahi kucheka hivyo viatu. Mimi ndiye nilikuwa nacheka, kimoyomoyo, na siku nyingine sikucheka, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nachelewa kazini kwa sababu ya viatu vya mtu ambaye hatembei. Nasema ilivyokuwa.

Dada wa physio, yule wa kumfanyisha mama mazoezi ya mguu, aliniambia kwa upole kwamba baada ya muda wote huo nisitarajie makubwa. Sikumwambia mama. Nadhani alijua, lakini hakuonekana kujali.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo.

Kanisani kwetu, Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ya ushuhuda. Zamani mtu yeyote alisimama tu, mpaka kuna mzee alitoa ushuhuda wa gearbox ya gari lake mpaka watoto wakalala. Tangu hapo pasta akaweka utaratibu. Unaandika jina kwenye karatasi, unampelekea katibu kabla ya Ijumaa, na wanaitwa watu sita tu.

Jumatatu moja mama akaniambia, nikiwa bado chini na kamba mkononi, "Niandikie karatasi. Andika Mama Wafula, ushuhuda. Upelekee katibu."

"Ushuhuda wa nini, mama?"

"Wewe andika tu."

Nikaandika. Lakini kichwani nilishamaliza kesi. Nilijua huyu anataka kusimama mbele ya watu na kusema ameponywa, huku amekaa kwenye wheelchair. Wanaita kukiri kwa imani. Mimi kazini naita kuapa uongo. Nikaona watu watasema amen kwa sauti ndogo, watamhurumia, na yeye ataiona ile huruma. Nikasema sitakubali.

Karatasi nikaiweka nyuma ya simu, ndani ya cover. Nilipita mlangoni kwa katibu mara mbili wiki hiyo na sikusimama.

Alhamisi mama akaniuliza, "Karatasi ulipeleka?"

Nikasema nilipeleka.

Jumapili nikamvisha gauni la bluu, kitambaa cheupe, na viatu vyake. Nilivipiga rangi mwenyewe. Nikamsukuma mpaka kanisani, tukakaa upande karibu na njia ili wheelchair ipite. Katibu akaanza kuita majina. Kila jina likiitwa, mama alishika mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima, akiuachilia mtu mwingine anaposimama. Sita wakaisha. Pasta akaingia kwa neno.

Mama alifungua Biblia mahali tulipoambiwa tufungue.

Njiani aliniuliza swali moja tu. "Majina yote yaliitwa?"

"Yaliitwa, mama. Walikuwa wengi."

"Haya."

Niliona aibu siku hiyo, lakini nikajiambia nimemkinga. Kesho yake nikamvisha viatu kama kawaida.

Zikapita wiki tatu hivi. Jumamosi moja nikaenda kwa Mama Nasra kununua kitambaa cha kushona pazia. Akawa anapima, anaongea, mikono haijasimama.

"Na ile siku ya kanisa, mama alisema vizuri? Nikimuuliza mwenyewe ananiambia ningoje," akaniuliza.

Nikamwambia hakuitwa.

Akaacha kupima. "Wallahi? Na vile alikuwa anarudia hapa na mimi wiki nzima! Mpaka mimi nimeshika yote. Nilikuwa namsahihisha."

Nikamuuliza alikuwa anarudia nini, kwamba amepona?

"Apone wapi, Wafula? Si anajiona? Alikuwa anasema juu yako." Akaendelea kupima, polepole. "Alisema, kijana wangu hasali, lakini kila asubuhi anapiga magoti hapa mbele yangu. Alisema mwaka mzima hujawahi kumfunga kiatu na hasira."

Nililipia kitambaa nikasahau kukichukua. Akanifuata nacho.

Wakuu, nilikaa jikoni muda mrefu. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa maneno ambayo hakuwa ameyasema. Nimeuliza mamia ya watu "uliona ama uliambiwa," na mama yangu mwenyewe sikumuuliza mara ya pili. Na hata huo ushuhuda ulikuwa na kosa, kwa sababu hasira nilikuwa nayo, yeye tu hakuwahi kuiona, au aliiona akaamua kutoihesabu. Nililia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi ukweli.

Asubuhi yake nikashuka chini kama kawaida, nikafunga kiatu cha kulia. Kisha nikatoa ile karatasi nyuma ya simu, nikaiweka kwenye mapaja yake juu ya Biblia.

"Mama, hii sikupeleka. Nilikudanganya. Nilifikiri utajiaibisha."

Akaiangalia karatasi. Akaikunja kwa mkono mmoja, taratibu, akaitia ndani ya Biblia.

"Funga na hicho kingine," akasema.

Nikafunga.

Wiki hiyo niliandika nyingine, nikampelekea katibu mkononi, nikangoja mpaka aingize jina kwenye list. Alinitazama kidogo lakini hakuuliza.

Jumapili iliyopita mama aliitwa wa nne. Nilimsukuma mbele, nikamshikia maiki. Nilidhani nayajua atakayosema, maana Mama Nasra alishanipa yote. Hakuyasema.

Alisema hivi: "Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Wafula. Viatu ninavyo, mnaviona. Sijatembea, bado nangoja. Lakini kuna kitu kingine nilikuwa naomba mwezi huu wote. Mwezi uliopita katibu alikuja kunitembelea, akaniuliza kwa nini sikuandikisha jina. Nikajua karatasi haikufika. Nikasema sitamuuliza huyu kijana, nitangoja aniambie mwenyewe. Na ameniambia. Hicho nimepewa."

Kisha akarudisha kichwa kwenye kiti, amemaliza. Ushuhuda mfupi kuliko zote. Watu wakapiga makofi na mimi nimeshika maiki, sijui niipeleke wapi.

Kumbe mwezi mzima nilikuwa nikimfunga viatu, na yeye amekaa huko juu akijua, ananiambia vuta ulimi, ananiombea.

Nilichojifunza si kwamba sasa nimeokoka, msinipongeze bure. Bado nina maswali yangu, na ule mguu bado umevimba. Ila nimeacha kuamua kwa niaba ya mtu kile atakachosema kabla hajafungua mdomo. Na nimejua mama yangu akisema anangoja, hakai tu.

Kama kuna mwenzangu hapa aliyewahi kumziba mtu mdomo akidhani anamkinga, aandike ilivyomwendea. Na wale wa kunitukana pia karibuni, nimestahili.

Nitawajibu kesho kuanzia saa moja. Kabla ya hapo nitakuwa chini na kijiko changu.