Uyoga wa Ukutani

Picha ile niliinunua mtandaoni nilipohamia Chang'ombe: uyoga wa aina sita, nakala ya michoro ya Wazungu wa zamani, ndani ya fremu nyeusi. Kila jioni nilitoka ofisini nimechoka hoi, nikajitupa kwenye kochi na sahani ya chipsi, nikaikodolea macho.

Mama alipokuja kutoka kijijini kwetu Mvumi, aliitikia shikamoo yangu huku akitazama ukutani. Akaisogelea picha na kunyoosha kidole.

"Huu unalika. Huu nao unafanana na wetu. Huu nilikukataza hata kuugusa. Umeuweka wa nini ukutani kwako?"

"Ni pambo tu, mama, siyo mboga," nilimjibu kwa ukali. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Akaenda jikoni kutafuta cha kupika. Akarudi na mfuko alionipa msimu uliopita, wa uyoga aliouchuma mwenyewe asubuhi baada ya mvua, akauanika siku nzima akifukuza kuku. Sikuwahi kuufungua. Wadudu walikuwa wameugeuza unga.

Aliupima mkononi, akaitazama tena picha.

"Ungeniambia mapema," alisema, "na wangu ningeutafutia fremu."