Baiskeli ya Baba Askofu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinichekea kabla sijasema neno, humtazama mikono kwanza. Marehemu mama alisema tabia hiyo ingeninyima mume, lakini mume nilimpata, tena Mkatoliki, tena mwalimu wa dini, mimi binti wa Kilutheri kutoka upande wa Kidugala. Nyumbani walinuna. Ni kaka yangu peke yake aliyekuja kwenye harusi, akacheza, akanywa pombe ya ulanzi ya Wakatoliki mpaka akaimba nyimbo zao.

Kaka alikuwa fundi cherehani pale Makambako, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama. Enzi zile za Mwingereza ukisema "chama" hukuwa na haja ya kusema kipi. Kwake ndiko mume wangu alikochukua kadi. Aliileta nyumbani, kijijini kwetu Yakobi, ndani ya soksi, tukaificha kwenye kibuyu cha mbegu za maboga, kwa sababu padre alikwisha kuonya kanisani: mwalimu wa dini atakayeonekana na kadi, kazi basi. Na kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha, maana nyumba ilikuwa ya misheni, na shamba la viazi nyuma yake la misheni. Hata jogoo sina hakika alikuwa wetu.

Basi tukaambiwa Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara. Mimi nilikuwa miongoni mwa watakaokipokea, mtu mzima katikati ya watoto.

Kwetu Walutheri wakati ule hatukuwa na askofu. Tulikuwa na wachungaji, watu wanaolima na kukohoa kama sisi. Nilipoona watu wanasimika matao ya mianzi na kufagia barabara, nikamuuliza mume wangu huyu anayekuja ni nani hasa. Akasema ni mrithi wa mitume. Nikasema mitume walitembea kwa miguu. Akaniambia ninyamaze.

Askofu alikuja kwa motokaa, akitokea mjini Njombe, ambako alikuwa amekunywa chai kwanza na Bwana DC. Tulijua, kwa sababu mpishi wa Bwana DC alikuwa wa kanisa letu, na mpishi yule hakuwahi kutunza siri hata moja. Najua Wazungu wawili wakinywa chai si lazima wawe wanamsema mtu. Mimi nilishuku hivyo hivyo.

Kabla ya kupakwa mafuta tulijaribiwa kwa maswali ya katekisimu. Baba Askofu, mzee mwenye ndevu nyeupe, sauti ya upole kabisa, akauliza amri ya nne inatuamuru tumtii nani. Tukaitika pamoja: baba, mama, na wakubwa wa kanisa na wa serikali. Akasema, "Na nani?" Tukaitika tena. Akauliza mara ya tatu, na safari hii hakututazama sisi. Alikuwa anamtazama mwalimu wetu. Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake, na viatu vyenyewe havikuwa na cha kutazamwa.

Siku zile askofu alikupiga kofi dogo shavuni, la kukukumbusha kwamba Mkristo lazima avumilie mateso. Waliotangulia waliguswa tu. La kwangu lililia. Mume wangu amebisha jambo hilo maisha yake yote, lakini shavu lilikuwa langu.

Baada ya Misa askofu alimwita mume wangu sakristia, mlango ukafungwa. Sisi wanawake tulikaa na vyungu mpaka mchuzi ukaganda kwa baridi ya Juni. Kichwani nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo: sufuria hili, blanketi lile. Alipotoka alisema tu, "Kazi ipo," akanawa mikono, asile.

Siku chache baadaye lori la misheni likashusha baiskeli mpya. Baba Askofu, tukaambiwa, amempa mwalimu ili azungukie vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, mpaka Makambako. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikwenda kwenye kibuyu cha mbegu, nikaingiza mkono. Kadi haikuwemo.

"Nimeichoma," akasema mume wangu.

"Na baiskeli?"

"Ni ya kazi."

Tangu lini mtu mwenye kosa akapewa zawadi? Nililala na swali hilo. Mahindi hayajakauka, zikaja habari kwamba kaka amekamatwa, amefanya mkutano bila kibali. Walikuwa wamekutana ndani, kwa mjane mmoja, madirisha yamefungwa, na askari walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ile, hawakuuliza njia kwa mtu. Waliojua kwamba chama kinakutana pale walikuwa wenye kadi tu.

Nilimvamia mume wangu akiwa anapalilia viazi. "Askofu alikuuliza nini siku ile?"

"Yalikuwa maungamo," akasema. "Ya maungamo hayasemwi."

Alinidhani bado Mlutheri. "Mwalimu," nikamwambia, "wewe mwenyewe ulinifundisha. Anayefungwa mdomo ni padre. Aliyeungama yuko huru kusema."

Akainamia jembe. Nilisubiri. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akaanza jingine.

Kama yalikuwa maungamo, basi askofu aliivunja siri. Kama hayakuwa, basi mume wangu ananidanganya. Nilijaribu kuchagua mmoja wa kumshuku, nikajikuta nawashuku wote wawili. Kweli, askofu alimwambia nini Bwana DC, au kama alimwambia, mimi sijui. Kwenye chai sikuwepo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za mume wangu nilizifua mimi. Niliumia. Nilimpikia, nikamtandikia, na kila aliponipa mgongo nilimtazama kama mgeni.

Kaka alitoka jela mwaka uliofuata, wakati wa kupanda. Alikuja Yakobi kabla ya kufika kwake, amekonda, shati linamning'inia, yeye fundi wa nguo.

"Kamwene, shemeji," akasema mlangoni, kama zamani.

Mume wangu aliitikia kwa shida. Tulikula. Wawili hao walizungumza mvua, wakazungumza bei ya ngano. Kaka hakuuliza lolote, na kutouliza kwake ndiko kulikonitisha.

Alipoaga, ukungu ulikuwa umeshuka. Mume wangu akaingia ndani, akatoka anaikokota baiskeli, akampa usukani.

"Njia ni ndefu, shemeji. Chukua."

Kaka aliitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye kengele. "Nitairudisha lini?"

"Usiirudishe."

Kaka akaipokea. Hakupanda. Aliikokota kwa mkono barabara nzima mpaka ukungu ukamfunika.

Nilichemka. "Padre utamwambia nini? Mali ya misheni hiyo umeigawa!"

"Si ya misheni," akasema mume wangu, bado ametazama njia aliyopita kaka. "Ni yake. Alikwisha kuilipia."