Pedi ya Wino Kikaoni

Leo dukani Naif, huku ughaibuni ninakofungasha mizigo ya Dar, arbabu, mwenye duka, amefungua pedi mpya ya mhuri, na harufu ya wino ikanipeleka moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu. Kiranja nilikuwa mimi, kwa hiyo pedi nilizungusha mimi.

Wazazi walitaka rafiki yangu wa dawati moja afukuzwe, eti kamwandikia msichana mwenzake kwamba anampenda. Hawakujua msichana huyo ni mimi. Mwalimu mkuu alisema onyo linatosha.

"Basi tunahamisha watoto wetu!" wakafoka, naye akanywea, ikatolewa karatasi ya kumfukuza, kila mzazi aweke dole gumba.

Mama yangu alichovya dole gumba, akabandika.

"Mama, ni rafiki yangu."

"Nyamaza! Unataka waseme na wewe ni hivyo?"

Nikachukua pedi na karatasi. Nikaenda benchi kwa benchi. Wa mwisho alikuwa mama mzazi wa rafiki yangu.

"Nisaidie, mwanangu, siioni hiyo nafasi."

Nilimshika kidole, nikakigandamiza kwenye karatasi mpaka alama ikatokea vizuri.